Oda ya Chumba 409

Fundi alikuwa akitafuta kifungo, hakuwa akitafuta balaa. Sare ya mkewe ilikuwa imeng'oka kifungo cha shingoni, na kwa kuwa mwenye sindano nyumbani humo ni yeye, mtu wa kushona makochi na viti, alijitolea kukirudisha kabla mkewe hajatoka kuoga. Akaingiza vidole mfukoni mwa sare akidhani kifungo kimehifadhiwa humo. Vidole vikatoka na daftari.

Daftari dogo la kukaa kiganjani, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa. Angelirudisha lilikotoka mambo yangeishia hapo, lakini nani wa kurudisha? Akafunua. Ukurasa wa kwanza tu, kwa mwandiko wa mkewe, mzuri, wa kujipinda:

*412, wiki ya tatu. Yai: lisigeuzwe, kiini kiwe laini. Hali kitunguu. Chai: asali, si sukari. Mkate uchomwe, kingo zikatwe. Asipigiwe kabla ya saa nne. Miguu inamsumbua, aulizwe.*

Fundi akasoma mara ya pili, akasoma mara ya tatu. Yai aliliacha likapita. Asali ikapita kwa shida. Lakini hilo neno la mwisho lilimkaa kooni. Aulizwe! Yeye mgongo unamuuma mwaka wa nne sasa kwa kuinamia makochi ya watu, nani amewahi kumuuliza?

Mkewe alipotoka, taulo kichwani, alimkuta ameketi na sare mapajani kama mtu anayelinda maiti.

"Huyu 412 ni nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani anakaa wiki tatu?"

"Mgeni mwenye pesa zake. Umeshona kifungo?"

"Nakuuliza jambo la maana. Mimi yai napenda lipikwe vipi?"

Mkewe akamtazama. Akamtazama binti yao wa miaka minane aliyekuwa mezani na kikombe chake. Akarudi kumtazama mume.

"Wewe? Wewe unapenda likiwepo."

Binti akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka ile mikoromo ya kukosa pumzi. Mama yake akamwahi, akampigapiga mgongoni hadi ikapita. Mafindofindo. Daktari alishasema yakatwe, na alishataja bei, na tangu siku ile bei hiyo haikuwa imetajwa tena ndani ya nyumba.

"Baba watoto, nisikilize," mkewe akasema akivaa sare yake haraka haraka. "Ile ndiyo kazi. Mgeni akisema leo hali kitunguu, kesho asirudie kusema. Tunaandika. Na wiki hii ndiyo wiki yenyewe, Ijumaa wanachagua mmoja kati yetu wawili. Wanatupima. Wanatuma mtu anajifanya mgeni, anapiga simu kutoka chumba kitupu, anakusumbua makusudi waone utajibuje. Nikipita napata ajira ya kudumu. Nikipata ajira nina bima, na nikiwa na bima huyu mtoto anakatwa hayo madude analala usingizi. Kwa hiyo tafadhali yako, wiki hii usinichanganye."

Maelezo yalijitosheleza kwa mtu yeyote mwenye masikio. Fundi alikuwa na masikio, ila yalikuwa yamejaa namba 412.

*

Mkewe alikuwa mpokea oda katika hoteli kubwa, ile yenye milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Hapiki, wala habebi sinia. Anakaa kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko, simu sikioni, na wageni huko juu wakiona uvivu wa kushuka kula wanabonyeza namba moja, yeye anaitika. Miaka mitatu anaitika, kibarua wa miezi mitatu mitatu. Mtaani walimpa jina la Mama Haloo.

Siku hiyohiyo Fundi alimpelekea Redio yale ya daftari, naye Redio, muuza sponji jirani na karakana yake, si mtu wa kupelekewa siri.

"Kiini laini?" Redio akauliza, macho yamemtoka.

"Kiini laini. Kwa maandishi."

"Na kingo zikatwe?"

"Zikatwe."

"Ndugu yangu, mimi sisemi kitu." Akanyamaza kidogo, maana kunyamaza sana hakukuwa katika uwezo wake. "Ila mwanamke akishakariri yai la mtu, hilo yai lina mwenyewe."

Waliokuwepo wakacheka. Fundi naye akacheka, asionekane. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alishaanza kukonda kabla ya chakula cha mchana.

Ajabu ni kwamba kazi ya hotelini aliyokuwa aianze kesho yake, Jumatatu, aliipata kwa mdomo wa mkewe huyohuyo. Viti kumi na viwili vya ghorofa ya nne vilikuwa vimechanika vitambaa, na Mama Haloo alimfuata mtunza ghala akamwambia, "Nina mume fundi, mikono yake haina mpinzani." Mtu mwingine angeona hapo ameheshimiwa. Fundi aliona njia ya kufika ghorofa ya nne.

*

Walimwingizia mlango wa nyuma, penye mapipa. Mlinzi akamwaga vifaa vyake mezani, akahesabu mkasi, nyundo na kila sindano, akaandika. Akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa FUNDI, kana kwamba angesahau. Kisha akasomewa masharti: asipande lifti ya wageni, asile kwenye kantini ya wafanyakazi kwa kuwa si mfanyakazi, asikalie viti.

"Nisikalie viti?"

"Ni vya wageni."

"Sasa nitajuaje kama kiti kinakalika?"

"Bonyeza na mkono," mlinzi akasema, wala hakuwa anatania.

Siku mbili alifanya kazi ghalani chini. Jumatano ghala likajaa magodoro, mtunza ghala akamhamishia juu, chumba 409, ambacho hakikuwa na mgeni wiki hiyo. Mkewe hakuambiwa. Nani amwambie kibarua kwamba kibarua mwingine amehamishwa?

Fundi hakuwahi kuingia chumba cha namna ile. Kitanda kipana kuliko chumba chao cha kulala. Mezani palikuwa na simu nyeupe na orodha ya vyakula yenye jalada la ngozi (ngozi halisi, alijua kwa kuishika). Akafunua. Mayai mawili na mkate na chai vilikuwa na bei sawa na malipo yake ya kiti kimoja, kuanzia kuking'oa kitambaa hadi kukipigilia misumari ya mwisho. Akalifunga jalada polepole kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mama mkwe.

Saa nne na nusu akasikia magurudumu. Akachungulia. Mhudumu mmoja mtu mzima, mwenye mvi, alikuwa anasukuma kitoroli kilichovikwa kitambaa cheupe, juu yake sahani zenye vifuniko vinavyong'aa, na ua moja ndani ya chupa nyembamba. Akabisha 412. Haya, ajitokeze huyo bwana, tumwone.

Akajitokeza mzee. Mfupi, mkavu, mwenye miguu iliyovimba ndani ya ndara za kitambaa, nywele chache zimesimama upande mmoja kwa kulalia. Akamwona Fundi mlangoni pa 409, akamsalimia kwa heshima, akauliza kama viti vitachukua siku nyingi. Fundi akajibu, havitachukua. Mzee akasema kazi njema, akafunga mlango.

Hapo mwanamume mwenye akili zake angepiga magoti akashukuru. Fundi alipandwa na hasira maradufu. Angekuwa kijana mwenye kifua na saa ya dhahabu, angeelewa. Wanawake wana macho. Lakini kumbe hata huyu! Hata kizee hiki cha miguu ya kuvimba kinaulizwa. Basi si uzuri, wala si ujana. Dunia nzima inaulizwa isipokuwa yeye.

Ilipofika saa saba njaa ilikuwa inamng'ata. Aliweka nyundo chini, akaitazama simu. Ninataka tu kumsikia, akajidanganya. Nimsikie anavyoongea na watu, kisha nikate.

Akabonyeza.

"Huduma ya vyumbani, habari za mchana. Karibu sana, nikuhudumie nini?"

Fundi akakaa. Akakaa kwenye kiti, kile kile alichokatazwa. Sauti ilikuwa ya mkewe na haikuwa ya mkewe. Ilikuwa laini, haina haraka, kama ya mtu aliyekaa siku nzima akisubiri simu hiyo moja tu. Akaibana sauti yake mwenyewe, akaipandisha puani, akaongea kama alivyodhani watu wa vyumba vile huongea.

"Samahani kukusumbua, mama. Naomba chakula, tafadhali."

"Hunisumbui hata kidogo, bwana. Ungependa nini?"

"Mayai mawili, tafadhali. Na mkate. Na chai."

"Vizuri sana. Na mayai yako, ungependa yapikwe vipi?"

Mtu mzima, baba wa mtoto, fundi mwenye karakana, akashika simu hana jibu. Hakuwahi kulifikiria. Mayai kwake yalikuwa yamepatikana au hayakupatikana. Mkewe akasubiri, bila kumharakisha, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kutamu hadi macho yakamchoma.

"Yasigeuzwe," akasema mwishowe. "Kiini laini. Bila kitunguu. Chai kwa asali." Akatafuta, akakumbuka. "Na mkate, kingo zikatwe, tafadhali."

"Nimekupata, bwana." Akamrudishia oda yote, neno kwa neno, kama kazi inavyotaka.

Angekata hapo. Lakini aliyeonja haachi.

"Una sauti nzuri, mama. Umeolewa?"

"Nimeolewa, bwana, ahsante."

"Mumeo hakuonei wivu, kuongea na wanaume siku nzima?"

Akasikia kicheko kidogo, cha adabu, cha kumtoa mgeni asiumbuke. "Mume wangu ana kazi zake nyingi, bwana. Chakula chako kitafika ndani ya nusu saa. Kuna kingine nikusaidie?"

"Hapana. Ahsante sana, mama. Samahani tena."

Akaweka simu. Jasho lilikuwa linamtoka. Alicheka naye! Na mtu asiyemjua! Kisha akakumbuka kwamba mtu asiyemjua ni yeye, na ikamchukua muda kuamua amkasirikie nani.

Yule mhudumu mwenye mvi alipofika alikuta Fundi amepiga magoti sakafuni, nyuzi za sponji zimemwagika ndevuni, anapigilia msumari mahali pasipohitaji msumari.

"Mgeni yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Kasema niweke sahihi."

Mhudumu akamtazama, akatazama kitanda kisicho na hata kunjo. Akatoa karatasi. Fundi akachora kitu kisichosomeka. Mlango ulipofungwa akafunua kifuniko kwa mikono miwili.

Kiini kilikuwa kinatikisika. Alipotia mkate kikapasuka, kikatambaa sahanini, kibichi kabisa. Yai gani hili? Ndilo hili wanaloliandikia daftari? Lakini alikula. Alikula yote, akiwa kwenye kiti cha wageni, akafuta sahani kwa mkate usio na kingo. Simu ikalia hajamaliza kutafuna.

"Samahani bwana, nilitaka tu kujua kama chakula kimekuridhisha."

Ndiyo kazi, kila mgeni hupigiwa. Fundi hakulijua hilo. Alimeza.

"Kimeniridhisha sana. Ahsante kwa kunijali."

"Ni furaha yetu. Ukihitaji chochote, tupo."

Akabaki na simu mkononi ikilia tuu, tuu. Hakumbuki ni lini mkewe alimwambia "tupo". Akamwonea wivu huyo bwana wa chumba 409 kuliko alivyomwonea wa 412, na bwana huyo alikuwa yeye mwenyewe, ana kiini cha yai kidevuni.

Jioni ile mkewe alirudi amechangamka. "Leo wamenipima," akasema akivua viatu. "Nimeona namba tu kwenye kioo cha simu, haina jina la mgeni. Nikajua ndio wenyewe hawa. Jamaa akajaribu na kunitongoza! Nikamjibu kiadabu mpaka mwisho. Nahisi nimepita, baba watoto. Nahisi kabisa."

Fundi akasema mgongo unamuuma, akaenda kulala na jua bado lipo.

*

Ijumaa asubuhi waliitwa ofisini kwa msimamizi: Mama Haloo, Fundi, na mhudumu mwenye mvi. Mkewe alipomwona mumewe anaingia na mkebe wake wa misumari alitabasamu. Alidhani ameitwa kulipwa.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa miwani, asiyepandisha sauti. Akasema mapokezi wameletewa hati ya chakula cha chumba 409, na 409 hakijalala mtu wiki nzima. Akamuuliza mhudumu alimkuta nani. Mhudumu akaangalia viatu vyake.

"Nilimkuta fundi, bosi. Alikuwa peke yake."

Mkewe akageuka. Msimamizi akabonyeza kitufe, kwani simu zote za oda hurekodiwa, na ofisi ikajaa sauti ya mtu anayeongea kwa puani. *Samahani kukusumbua, mama.* Ikaenda hivyo hadi *una sauti nzuri*, ikaenda hadi *mumeo hakuonei wivu*. Mhudumu mwenye mvi akakohoa. Fundi alitamani aingie ndani ya mkebe wake wa misumari.

"Sasa mimi naona hivi," msimamizi akasema. "Mpokea oda anamlisha mumewe chakula cha wageni, halafu wanaigiza mazungumzo ili wakikamatwa waseme ulikuwa mchezo. Hapa hilo tunaliita wizi. Mtu haondolewi tu, anapelekwa polisi."

"Bosi, mimi sikumjua," mkewe akasema, na sauti ilikuwa imekauka. "Nilidhani ndio wale wa kutupima."

"Mmeoana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja. Na sauti ya mumeo hukuijua."

Fundi akaona mikono ya mkewe imeshikana magotini, kidole kinakwangua kidole, kama anavyofanya mtoto anapobanwa na pumzi. Ndipo akili ikamrudia, imechelewa kama mvua baada ya mavuno.

"Hakunijua, bosi," akasema.

"Wewe utasema hivyo."

"Irudishe hiyo rekodi. Usinisikilize mimi, msikilize yeye. Unasikia anavyoongea? *Hunisumbui hata kidogo, bwana.* Mke wangu haongei na mimi hivyo." "Nikimpigia mimi anasema, 'Sema haraka, niko bize.' Yai langu hajawahi kuniuliza tangu anioe. Tangu nimuoe. Angejua ni mimi, bosi, angenitukana pale pale. Wivu wangu tu huo. Niliona kwenye daftari wageni wanaandikiwa mpaka miguu, nikataka na mimi niulizwe. Yeye hana kosa."

Mhudumu mwenye mvi akashindwa, kicheko kikamtoka puani, akaomba radhi. Msimamizi hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Nimekuamini," akasema mwishowe. "Mtu hawezi kujitungia aibu kama hiyo." Akamgeukia mkewe. "Wizi haupo. Ila namba isiyo na jina lazima ithibitishwe na mapokezi kabla jiko halijawasha moto. Unajua hilo?"

"Najua. Niliogopa kumsubirisha wa kupima, nisije nikapoteza alama."

"Ulijibu vizuri kuliko wote, nitaandika hivyo. Lakini ajira siwezi kukupa kwa oda ya chumba kitupu. Inakwenda kwa mwenzio. Wewe utaendelea na mkataba wako wa miezi mitatu." Akafunga faili. "Fundi, chakula kinakatwa kwenye malipo ya viti. Na vilivyobaki atamalizia mtu mwingine."

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, mkewe mbele, Fundi hatua tano nyuma na mkebe wake. Mama Haloo alifika, akabadili nguo, akawasha jiko, akampa binti chakula, akampeleka kitandani. Muda wote huo alimpitia mumewe pembeni kama mtu anavyopita kabati. Angempigia kelele ingekuwa nafuu.

Mtoto akalala. Kutoka chumbani wakaanza kumsikia, ile pumzi ya kukwaruza, inapanda, inakatika, inapanda tena. Wote wawili wakawa wanaisikiliza, na wote walijua ni nani aliyeiongezea muda.

Fundi alijikaza. Kulikuwa na mambo kumi ya kuomba msamaha, lakini wivu ni mgonjwa mkaidi, ulimsukuma aulize hilohilo moja.

"Hivi kweli kabisa hukunijua? Hata kidogo?"

Mkewe aliendelea kukamua kitambaa cha vyombo mpaka tone la mwisho.

"Pale ofisini nimeisikiliza na najua ni wewe," akasema, "na bado sikukujua. Ningekujuaje, baba watoto? Yule mtu alisema tafadhali. Mara tatu. Nilizihesabu leo. Akasema samahani kukusumbua, akasema ahsante kwa kunijali." Akatundika kitambaa kwenye msumari. "Juzi nilikuja nyumbani nimefurahi, wewe ukadhani ni kwa ajili ya mtihani. Mtihani, ndiyo. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza, huyo mke wa yule bwana wa 409, sijui aliomba dua gani. Nilimwonea wivu."

Akachukua taa, akaingia chumbani kumgeuza mtoto alalie ubavu.